Stendi Mbili Dukani kwa Jaafar

Baba yangu, Idris bin Athmani, mpiga picha wa Kismayo, alikwenda siku tisa mfululizo kutazama stendi mbili za kamera katika duka moja la Mombasa, na siku zote tisa akarudi mikono mitupu. Mimi ndiye niliyekuwa nikifuatana naye. Naamka kabla ya alfajiri kukaanga mahamri ya kuuza, nauza hadi saa tatu, naosha karai, kisha navaa buibui langu na glavu na kumfuata mzee kwa miguu kutoka Majengo hadi mjini, jua limeshapanda, nikasimame pembeni yeye akipapasa vyuma. Nasema kweli, nilichoka. Nilichoka na jua, nikachoka na zile stendi, na zilikuwapo siku nilizochoka hata naye.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na sita. Kambi ya wakimbizi tulishaiacha, mama yetu Tima tumemzika huko huko, na tulikuwa tumebaki wawili katika chumba kimoja cha kupanga. Dada yangu mkubwa, Ibtisam, alijaliwa kufika Norwe, akatuma pesa na neno moja: baba anunue stendi nzuri, arudi kazini. Kamera alikuwa nayo, aliivusha mpaka ameifunga tumboni chini ya kikoi. Kazi nayo ilikuwapo. Bi Kuluthumu, Mbajuni mwenzetu aliyekimbia kutoka kisiwa cha Fuma, alikuwa akimwoza binti yake siku ya Ijumaa, na alitaka picha za wanawake zipigwe vile zilivyokuwa zikipigwa kwetu. Zikitoka vizuri, wengine wangemwita. Zisipopigwa, baba angeendelea kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nje ya chumba chetu akitazama watu wakipita, kama alivyokaa miaka mitano, kambini kisha hapa.

Ilipungua stendi tu. Na Jaafar, mwenye duka, alishatuambia kuwa mtu wa hoteli atakuja Alhamisi alasiri kuzichukua zote mbili.

Jaafar alikuwa amezinunua kwa mzungu mmoja aliyepiga picha za ndege kule Tana, kisha akarudi kwao. Zote zilikuwa za viwanda vikubwa, kazi ya watu wasiofanya mchezo. Moja ilitoka Ujerumani: nyeusi, miguu minene, kilo nane, ukiisimamisha haitikisiki hata mlango ukibamizwa. Ya pili ilitoka Ufaransa: ya kijivu, nyembamba, kilo tatu, na miguu yake hufungwa kwa kuzungusha pete kwa mkono. Baba aliziita Mjerumani na Mfaransa, kama wageni waliofika nyumbani kuposa. Jaafar, ambaye alijua zaidi saa na betri kuliko vitu hivi, alitaka bei moja kwa zote mbili.

Kila siku ilikuwa ni yale yale. Baba anafungua miguu ya Mjerumani, anaifunga. Anafungua ya Mfaransa, anazungusha pete, anasikiliza, anaifunga. Anarudi nyuma hatua mbili. Anakohoa.

"Mzee Idris," Jaafar alimwambia siku ya saba, "mchagua jembe si mkulima."

"Nami si mkulima, mwanangu," baba akamjibu, akaanza upya kwa Mjerumani.

Jaafar alidhani ni ubahili, au ni uzee. Hakujua kwamba baba alishawahi kuchagua kati ya hizi hizi mbili, Kismayo, na kwamba sisi tuliobaki tuliamini, kila mtu kwa namna yake, kuwa uchaguzi ule ndio uliotunyang'anya kaka yangu Abdulhakim.

Inabidi nieleze baba alivyokuwa akifanya kazi, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Kwetu wanawake waliojipamba harusini hawaonekani na mwanamume wa kando, na baba hakuwa mtu wa kukiuka hilo. Lakini kila mama alitaka picha ya binti yake. Basi baba alitafuta njia. Aliingia chumbani asubuhi, kabla ya watu kuja. Alisimamisha stendi, akafunga kamera juu yake, akanikalisha mimi kwenye kiti cha bibi harusi, akapima kwa uzi kutoka kwenye lenzi hadi puani pangu. Alichora alama ya chaki sakafuni, kiti kisisogezwe. Kisha alitoka, akaenda kukaa na wanaume, na kazi yote iliyobaki ilikuwa ni ya kidole changu. Nilianza nikiwa na miaka tisa.

Filamu nazo hakuziosha yeye. Mama ndiye aliyeziosha, stoo, akazianika kwenye kamba ya nguo na kuzifungia kwenye kasha chini ya kitanda, nakala moja kwa wenyewe na filamu kwetu, amana. Baba alikuwa mpiga picha ambaye nusu ya picha zake hakuwahi kuziona. Alikuwa akisimama nje ya mlango wa stoo na kuuliza, "Zimetulia?" na mama ndiye aliyekuwa macho yake.

Miaka ile ya mwanzo hazikutulia. Stendi yake ilikuwa ya mbao, imelegea, na vyumba vyetu vina giza. Betri za taa ya kamera hazikupatikana, kwa hiyo lenzi ilibaki wazi kwa muda wa kuhesabu mbili. Kitufe kilikuwa kigumu, nami mtoto, nabonyeza kwa mkono mzima kama ninayeponda kitunguu saumu.

"Bibi harusi ana pua mbili," mama alimwambia siku moja kupitia mlangoni, naye alikuwa anacheka. Baba hakucheka. Picha ile ilikuwa ya harusi ya kisiwa cha Ngumi, alikwenda kwa mashua siku nzima na kurudi siku nzima, na harusi hairudiwi.

Ndipo alipoazimia kununua stendi ya maana. Tulikuwa na ami yetu baharia aliyezunguka bandari za Ulaya, akamletea vitabu viwili vya viwanda, cha Kijerumani na cha Kifaransa. Baba hakujua lugha hata moja kati ya hizo. Alivisoma mwaka mzima. Alijua kila skrubu kwa picha yake. Abdulhakim, ambaye ndiye aliyekuwa akibeba vyombo kutoka mashuani hadi nyumba ya harusi, maji yamemfika kiunoni, alimwomba achukue ile nyepesi.

"Baba, wewe wachagua, mimi nabeba," alisema. "Nihurumie bega langu."

Baba alikuwa karibu kukubali. Nakumbuka, alishaweka kidole juu ya picha ya Mfaransa. Kisha akanitazama mimi, nilikuwa nimekaa mkekani nikichambua mchele, na akasema kwa Kibajuni chake, "La. Kwa mkono wa Sabah twataka kichu kizito." Ami akaleta Mjerumani. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na maneno hayo nimeyaweka tangu siku hiyo.

Picha zilitulia. Miaka saba hakuna bibi harusi aliyekuwa na pua mbili. Abdulhakim alibeba kilo nane Ngumi, Fuma, Burgao, kila mahali, akilalamika njia nzima na kuwachekesha mabaharia, na alifanana na baba mpaka watu walisalimiana naye kwa makosa. Nilimpenda sana kaka yangu. Sijui kulisema kwa namna nyingine.

Mwaka wa tisini na moja serikali ilipoanguka, Kismayo ilikuwa ikibadilisha wenyewe kila baada ya wiki chache, na kila waliokuja walipekua upya. Studio ya baba mjini, yenye picha za wanaume na za pasi, iliporwa wiki ya kwanza, hata pazia halikubaki. Nyumbani tulikuwa tumebakiwa na kamera, kasha la mama, na Mjerumani.

Wanamgambo waliingia kwetu baada ya sala ya adhuhuri, watano. Mmoja wao alimwona Mjerumani pembeni ya kabati, akamfungua miguu, akamtikisa. Mtu aliyezoea vita akiona miguu mitatu minene ya chuma, hafikirii harusi. Akamuuliza baba kwa Kisomali bunduki ya juu yake iko wapi.

Baba akaleta kamera. Yule mtu akaiweka kiganjani, akaitazama, akatazama stendi, akacheka. Kitu kidogo hiki kinahitaji miguu hii yote? Alikuwa na haki ya kuuliza, hata mimi ningeuliza. Akasema: kama kweli ni ya picha, nionyeshe picha ulizopiga nayo.

Mimi nilikuwa chumba cha ndani, pamoja na mama. Kasha lilikuwa mbele ya magoti yangu. Ndani yake walikuwamo wanawake wa visiwa vyote, wake za watu na mabinti za watu, vichwa wazi, shingo wazi, wamepakwa hina na wamevaa dhahabu, wanatabasamu kwa sababu aliyekuwa mbele yao alikuwa mtoto wa kike. Mama aliweka mkono wake juu ya kifuniko. Upande wa pili wa ukuta tulimsikia baba akijibu kwamba hakuna picha.

Basi wakamchukua Abdulhakim, wakasema atarudi bunduki ikipatikana. Mjerumani wakamchukua pia. Siku ya tatu jirani alikuja kutuambia kijana wetu amepigwa risasi karibu na bandari na ameshazikwa, na tusiende kuuliza. Wiki iliyofuata, tukienda kupanda mashua tuondoke, tulimpita Mjerumani ametupwa njiani. Walikuwa wamejaribu kumfungia bunduki, haikukaa. Baba alisimama pale mpaka mama akamvuta kwa kikoi. Lile kasha mama alilichoma jikoni kabla hatujatoka, lote.

Kuhusu zile picha, baba hakuwahi kujuta. Nataka lieleweke. Mchu hajuti kulinda amana. Angejuta hilo, angekuwa amejuta maisha yake yote, na sala zake, na mama yangu. Lakini majonzi hayakubali kukaa bila mahali pa kukaa. Kwa hiyo alijutia stendi. Kambini, Mombasa, kwenye ile ndoo, kila mara aliishia pale pale: ningechukua ile nyepesi. Wangeiona, wangeipita. Ningechukua ile nyepesi. Na mimi nikisikia, nilikuwa najua kwa nini hakuichukua.

Siku ya tisa, Jumatano, tukirudi kutoka kwa Jaafar, uvumilivu uliniishia. Nilimwambia kesho ni Alhamisi, mtu wa hoteli anakuja, na mimi sitaamka tena kukaanga mahamri kisha nitembee hadi mjini kutazama vyuma. Nilimwambia vibaya, katikati ya barabara, na watu walisikia.

Hakukasirika. Alitafuta kivuli cha duka la vitambaa, akakaa juu ya ngazi.

"Sabah," alisema, "nikimchukua mzito, nitamwona kila siku ukutani. Hilo nitalivumilia. Lakini nikimchukua mwepesi, na akatosha, basi alitosha tangu zamani. Nimemuua mwanangu kwa kichu ambacho hakikuwa na haja."

Nilikaa kando yake. Nilikuwa na hasira bado, nayo haikuwa na pa kwenda. Nilimuuliza kama anataka maji, akasema hataki.

Alhamisi tulifika mapema. Jaafar alikuwa anafungua mlango wa chuma wa duka, akatuona, akahema. Baba akatoa kamera kwenye mfuko, na hilo hakuwa amelifanya siku nyingine. Akaomba bilauri ya maji.

"Kunywa, mzee?" Jaafar akauliza.

"Kupima."

Alifunga kamera juu ya Mjerumani, akaweka bilauri juu ya kamera, imejaa mpaka ukingoni, akaniita. Alitaka nibonyeze, yeye atazame maji. Nilivua glavu, nikabonyeza. Maji hayakuwa na habari. Akanifanya nirudie mara tatu. Kisha akaihamisha kamera juu ya Mfaransa, akazungusha pete zote na kuzikaza, akaijaza bilauri upya, kwa uangalifu, ulimi ukiwa kati ya meno. Akainama mpaka macho yake yakawa sawa na maji.

Nikaweka kidole kwenye kitufe, na pale pale nikajua. Mchu aliyefanya kazi moja tangu ana miaka tisa hahitaji bilauri. Ile stendi nyembamba ilikuwa imara kama nyumba ya mawe. Ningebonyeza nilivyobonyeza miaka ile ya mwisho, kwa ncha ya kidole, pumzi nimeizuia, tone lisingeanguka. Huenda hata ningekuwa na miaka kumi na mmoja, kama mtu angechukua siku mbili kunifundisha, isingetikisika. Mfaransa alitosha. Alitosha tangu zamani.

Nikamtazama baba. Alikuwa ameinama, kofia imerudi nyuma, mvi zimeonekana, na midomo inatembea. Sijui alikuwa anaomba maji yatulie au yamwagike. Nadhani alikuwa anaomba tu.

Nikabonyeza kwa mkono mzima, kama mtoto. Nilisukuma kwa kifundo cha mkono, kamera ikayumba, maji yakamwagika juu ya kioo cha kaunta ya Jaafar na kumrukia baba usoni.

"Ah, mama, kamera," Jaafar akasema, akatafuta kitambaa.

Baba alibaki vile vile ameinama, maji yanamtiririka ndevuni. "Tena," akasema. Tukajaza tena, na mara hii nilijitahidi zaidi, yakamwagika karibu nusu. Akasimama wima. Nilimwona akishusha pumzi, na mabega yake yakashuka, yakashuka, mpaka nikaogopa ataanguka.

"Basi asingetosha," akasema.

"Asingetosha, baba."

"Ilikuwa lazima awe mzito."

"Ilikuwa lazima."

Akalipa. Jaafar alifurahi mpaka akatuongezea filamu mbili. Mjerumani nilimbeba mimi, kwa bega, kutoka mjini hadi Majengo, na nilielewa kwa nini Abdulhakim alilalamika. Baba alitembea mbele yangu, mikono mgongoni, akiwasalimu watu ambao hakuwa akiwaona siku zote zile. Tulipofika alilala kabla ya kula, akalala hadi alasiri, akikoroma.

Ijumaa kazi ilikwenda vile ilivyokuwa ikienda kwetu. Aliingia chumbani asubuhi, akapima kwa uzi, akachora chaki, akatoka. Wasichana wa Mombasa walimcheka kidogo, lakini Bi Kuluthumu alipoiona ile alama sakafuni alilazimika kukaa kitako. Nilipiga filamu tatu. Kwa ncha ya kidole.

Niliziosha mwenyewe chumbani kwetu, nimeziba dirisha kwa blanketi, kwa namna mama alivyonifundisha. Baba alikaa nje ya mlango juu ya ndoo yake.

"Zimetulia?" aliuliza.

Nilizipandisha moja moja kwenye mwanga wa mshumaa, nikipitisha filamu vidoleni. Kila uso ulikuwa mmoja, kila pua moja, hata nyuzi za shela zingehesabika.

"Zimetulia zote, baba."

"Ni ule uzito," alisema.

"Ni ule uzito."

Kisha aliniita nitoke, nikatoka, mikono yangu bado ina dawa. Aliushika ule wa kulia, akaufunika kwa mikono yake miwili, na kwa upole ambao sikuwa nimeusikia tangu Kismayo akaniambia kwamba nilikuwa mtoto, sikuwa na makosa, na kuhusu Abdulhakim nisijilaumu tena, kwa sababu yeye alishanisamehe.